Babesiosi: Homa ya Kupe Inayojificha Nyuma ya Malaria

Babesiosi ni ugonjwa wa damu unaoletwa na babesia, vimelea vya seli moja vinavyoenezwa na kupe. Vimelea hivyo huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaana humo, kisha huzipasua na kuhamia nyingine. Wafugaji na madaktari wa mifugo wameujua ugonjwa huu kwa zaidi ya karne moja: ng'ombe hushikwa na homa kali, huacha kula na kucheua, ufizi wake hupauka, na mkojo huwa mwekundu hata ukadhaniwa ni damu tupu. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki huuita ugonjwa wa kukojoa damu. Jambo jipya ni kwamba tangu katikati ya karne ya 20 imethibitika kuwa aina chache za babesia, kati ya zaidi ya 100 zinazojulikana, humpata binadamu pia, na katika baadhi ya nchi wagonjwa wanazidi kuongezeka.

Mtu anayeugua babesiosi huonyesha dalili zinazofanana mno na za malaria: homa, kutetemeka kwa baridi, jasho, maumivu ya mwili na upungufu wa damu. Hata mtaalamu wa maabara anayetazama damu kwa hadubini anaweza kuviona vimelea vya babesia akaandika malaria. Kwa nchi ambazo malaria ni ugonjwa wa kila siku, mfanano huo ndio kiini cha tatizo.

Kutoka zizini hadi wodini

Mwaka 1888 Victor Babeș, mtaalamu wa vijidudu wa Romania, aliona viumbe vidogo ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe waliokuwa wakitoa mkojo mwekundu. Jina la babesia limetokana na jina lake. Miaka michache baadaye, nchini Marekani, Theobald Smith na Fred Kilborne, watumishi wa idara ya kilimo ya serikali, walikuwa wakichunguza homa ya Texas. Ugonjwa huo uliwaua ng'ombe wa kaskazini kila walipochanganywa na ng'ombe walioswagwa kutoka kusini, ilhali wale wa kusini walionekana wazima kabisa. Wafugaji walikwisha kusema kwamba chanzo ni kupe, lakini wataalamu wengi hawakuwasadiki.

Smith na Kilborne waliwaweka ng'ombe wa pande zote mbili katika viwanja vilivyotengwa. Katika baadhi ya viwanja, ng'ombe wa kusini walibanduliwa kupe wote kwa mkono kabla ya kuchanganywa na wenzao. Katika vingine waliachwa na kupe wao. Palipokuwa na kupe, ng'ombe wa kaskazini waliugua. Pasipokuwa na kupe, walibaki wazima. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1893, yalithibitisha kwamba kupe anaweza kubeba ugonjwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Ronald Ross alikuja kuona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, miaka 4 baadaye. Marekani ilianza kampeni ya taifa ya kuogesha ng'ombe mwaka 1906, na kufikia 1943 kupe wa homa ya Texas alikuwa ameondolewa, isipokuwa kwenye ukanda mwembamba wa mpaka na Mexico.

Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na babesiosi alikuwa mfugaji wa karibu na Zagreb, katika Yugoslavia ya wakati huo, mwaka 1957. Alikuwa amekwisha kuondolewa bandama kwa upasuaji, na alifariki dunia siku chache tu baada ya kuugua. Kwa miaka zaidi ya 10 iliyofuata madaktari waliamini kwamba ugonjwa huu unawahusu tu watu wasio na bandama. Imani hiyo ilivunjika mwaka 1969, mkazi wa kisiwa cha Nantucket katika jimbo la Massachusetts, mwenye bandama yake kamili, alipopatikana na vimelea hivyo. Katika miaka ya 1970 wakapatikana wengine kisiwani humo, hata wenyeji wakauita ugonjwa huo homa ya Nantucket. Andrew Spielman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake ndio waliofuatilia nyayo za kimelea hicho hadi kumfikia kupe anayekibeba.

Panya, kulungu na kupe

Aina ya babesia iliyopatikana Nantucket ni Babesia microti, ambayo hadi leo ndiyo inayowaambukiza binadamu wengi zaidi duniani. Makao yake ya asili ni damu ya panya wa porini, hasa panya wa miguu myeupe wa Amerika Kaskazini. Anayekihamisha kimelea kutoka panya hadi kiumbe kingine ni kupe wa kulungu, Ixodes scapularis, ambaye pia hueneza bakteria wa ugonjwa wa Lyme.

Kupe huyu huishi takriban miaka 2 na hunyonya damu katika vipindi vitatu vya maisha yake: akiwa lava mwenye miguu 6, akiwa tunutu mwenye miguu 8, na akiwa kupe kamili. Yai lake huanguliwa likiwa halina Babesia microti. Lava huipata anapomnyonya panya aliyeambukizwa mwishoni mwa kiangazi. Hujiambua ngozi, huvuka majira ya baridi, na msimu wa joto unaofuata hutoka akiwa tunutu mwenye vimelea. Hapo hupanda juu ya ukoka au jani la chini, hujishikiza kwa miguu ya nyuma, hunyoosha ya mbele hewani na kungoja kiumbe chenye damu kipite. Kwa ukubwa hazidi sana punje ya mchicha, na ung'ataji wake hauumi. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa na kupe yeyote.

Kulungu ana kazi nyingine katika mzunguko huu. Yeye hahifadhi Babesia microti mwilini mwake, lakini kupe wakubwa hujilisha na kupandana juu yake, kisha jike hudondoka na kutaga maelfu ya mayai. Kulungu wakiwa wengi, kupe huwa wengi. Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya, naye huwa ndiye mwisho wa safari: kwa kawaida kimelea kilichofika kwake hakirudi tena porini.

Kung'atwa na kupe mwenye vimelea si lazima kuwe kuambukizwa. Babesia hukaa katika tezi za mate za kupe ikiwa changa, na hukomaa baada tu ya kupe kuanza kunyonya. Kwa kawaida kupe anahitaji kukaa mwilini saa 36 hadi 48 kabla ya kuingiza vimelea vya kutosha. Anayemwona kupe mapema na kumtoa amejiokoa na sehemu kubwa ya hatari.

Ulaya mambo ni tofauti kidogo. Kimelea kilichojulikana zaidi huko ni Babesia divergens, cha ng'ombe, kinachoenezwa na kupe Ixodes ricinus. Aina hii hupita kutoka kwa kupe jike hadi kwenye mayai yake, hivyo watoto wake huzaliwa wakiwa tayari wamebeba vimelea. Wagonjwa wake ni wachache, wengi wao wasio na bandama, lakini ugonjwa huwaendea mbio na huua haraka usipotibiwa mara moja.

Kwa nini ugonjwa unaenea

Kuongezeka kwa babesiosi kaskazini-mashariki mwa Marekani kuna sababu zinazoonekana. Katika karne ya 19 misitu mingi ya huko ilikatwa kwa ajili ya mashamba, na kulungu waliwindwa karibu kumalizika. Karne ya 20 mashamba mengi yaliachwa, misitu ikarudi, kulungu wakaongezeka bila simba-milima wala mbwa-mwitu wa kuwapunguza. Wakati huohuo watu walihama kutoka mijini kwenda kujenga nyumba pembezoni mwa misitu hiyo. Panya, kulungu, kupe na binadamu wakajikuta katika eneo moja. Misimu ya joto iliyorefuka nayo imemruhusu kupe kusogea kaskazini; mwaka 2013 mtu aliambukizwa Babesia microti nchini Kanada kwenyewe, katika jimbo la Manitoba.

Tangu Januari 2011 babesiosi ni ugonjwa ambao madaktari wa Marekani hutoa taarifa zake kwa taifa. Mwaka 2019 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 2,400. Mwaka 2023 Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya nchi hiyo, CDC, vilitangaza kuwa majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont yaongezwe kwenye orodha ya yale ambako ugonjwa umeshaota mizizi, orodha ambayo awali ilikuwa na majimbo 7.

Nje ya Marekani ramani pia inajaa. Nchini China, watafiti waliripoti wagonjwa 48 wa Babesia venatorum waliopatikana katika mkoa wa Heilongjiang kati ya mwaka 2011 na 2014. Japani ilitoa taarifa ya mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1999, aliyeambukizwa kwa kuongezewa damu. Julai 2020 Uingereza ilitangaza mgonjwa wa kwanza aliyeambukizwa babesiosi ndani ya nchi hiyo. Sehemu ya ongezeko hili inatokana na vipimo bora: penye vipimo vya vinasaba, ugonjwa ambao zamani usingejulikana sasa unapewa jina lake.

Ndani ya mwili

Dalili huanza wiki 1 hadi 4 baada ya kung'atwa. Kimelea cha malaria hupita kwanza kwenye ini kabla ya kuvamia damu. Babesia huingia moja kwa moja kwenye chembe nyekundu. Chembe zinapopasuka mgonjwa hupata homa, uchovu, jasho la usiku, kukosa hamu ya kula na upungufu wa damu. Kwa waliozidiwa macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi, na figo, mapafu au moyo huweza kushindwa kazi.

Si kila aliyeambukizwa huugua. Watu wengi wenye afya njema, hasa watoto na vijana, hubeba vimelea bila dalili yoyote, wakati mwingine kwa miezi au zaidi ya mwaka. Wanaoelemewa ni wazee, wenye saratani, wanaotumia dawa za kushusha kinga ya mwili, wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, na zaidi ya wote wasio na bandama. Bandama ndiyo inayochuja chembe nyekundu zilizovamiwa na kuziondoa kwenye mzunguko wa damu. Isipokuwepo, vimelea huongezeka bila kizuizi. Hapa ndipo watu wenye selimundu wanapohusika, kwa kuwa bandama za wengi wao huharibika tangu utotoni, ingawa hawajawahi kufanyiwa upasuaji.

Njia ya pili ya maambukizi ni damu ya kuongezewa. Mchangiaji anayejiona mzima anaweza kutoa chupa yenye vimelea, navyo huvumilia baridi ya jokofu la benki ya damu kwa wiki kadhaa. Mpokeaji mara nyingi ni mgonjwa tayari, kwa hiyo madhara kwake ni makubwa. Marekani imeandika visa zaidi ya 200 vya namna hii. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, iliidhinisha vipimo vya kwanza vya kuchuja damu ya wachangiaji, na mwaka 2019 ikashauri vitumike katika majimbo 14 pamoja na mji mkuu Washington. Mara chache zaidi, mama mjamzito humwambukiza mtoto aliye tumboni.

Afrika: kutafuta kisichotafutwa

Kupe wa kulungu wa Amerika hayupo Afrika Mashariki, na hakuna ushahidi thabiti kwamba Babesia bigemina na Babesia bovis, zinazowasumbua ng'ombe wa Tanzania, Kenya na Uganda, huwaambukiza watu. Ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe unaoua ndama wengi wa ukanda huu, huletwa na theileria, ndugu wa karibu wa babesia, nao pia haumpati binadamu. Homa ya papasi na homa ya kupe zinazojulikana kwa watu wa Afrika huletwa na bakteria, hivyo haziingii katika kundi la magonjwa ya vimelea kama babesiosi.

Hata hivyo bara hili halina kinga ya kijiografia. Mwaka 2014, nchini Guinea ya Ikweta, mgonjwa alitibiwa kwa kudhaniwa ana malaria. Vipimo vya vinasaba vilionyesha baadaye kwamba alikuwa na Babesia microti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wadogo wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ulikuta katika damu ya baadhi yao kingamwili zinazoashiria kwamba huenda waliwahi kukutana na kimelea hicho. Kingamwili peke yake si uthibitisho wa ugonjwa, kwani wakati mwingine hufanana na zile za vimelea vya jamii moja. Lakini matokeo hayo yanatosha kuonyesha kwamba swali linafaa kuulizwa.

Jibu lake linaanzia kwenye meza ya maabara. Katika tone jembamba la damu lililopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, babesia huonekana kama pete ndogo ndani ya chembe nyekundu, jinsi zinavyoonekana pete za Plasmodium falciparum. Anayetazama kwa makini huona tofauti. Pete za babesia hazifanani ukubwa, na chembe moja huweza kubeba kadhaa. Nyingine huonekana nje ya chembe kabisa. Punje za rangi ya kahawia ambazo kimelea cha malaria huziacha kinapokula damu hazipo, na maumbo ya hilali ya falciparum pia hayapo. Mara chache hutokea vimelea vinne vilivyoungana katikati na kufanya msalaba ndani ya chembe moja. Msalaba huo ukionekana, shaka huisha.

Kipimo cha haraka cha malaria kina mchango wake katika uchunguzi huu. Kipimo hicho hutafuta protini za kimelea cha malaria, na babesia haina protini hizo. Mgonjwa ambaye kioo chake kina pete lakini kipimo cha haraka kinakataa anastahili kuangaliwa upya badala ya kuongezewa dozi nyingine ya dawa mseto ya malaria. Penye uwezo, kipimo cha vinasaba hukata shauri.

Matibabu

Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya babesiosi iligunduliwa kwa sababu ya mkanganyiko huohuo na malaria. Mtoto mchanga nchini Marekani aliyeambukizwa kwa damu ya kuongezewa alidhaniwa ana malaria akapewa klorokwini, isimsaidie. Alipobadilishiwa kwinini pamoja na klindamisini alipona, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1982. Mchanganyiko huo ulitumika kwa miaka mingi, ingawa kwinini huleta kelele masikioni na kizunguzungu. Jaribio la tiba lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba atovakwoni pamoja na azithromaisini hufanya kazi sawa na kwa madhara machache zaidi, na sasa ndiyo tiba inayotangulizwa, kwa siku 7 hadi 10. Wenye kinga dhaifu hutibiwa kwa wiki 6 au zaidi, kwa sababu vimelea huweza kurudi. Mgonjwa aliyezidiwa, mwenye vimelea katika zaidi ya asilimia 10 ya chembe nyekundu, huweza kubadilishiwa damu yake kwa damu salama. Chanjo ya binadamu haipo.

Kujikinga

Kinga ya mtu binafsi ni kumzuia kupe asifike kwenye ngozi, na akifika asikae. Anayeingia porini, machungani au kwenye majani marefu avae suruali ndefu na kuchomeka miguu yake ndani ya soksi au buti, apake dawa ya kufukuza wadudu, na akirudi ajikague mwili mzima: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Watoto na mbwa wakaguliwe pia.

Kupe aliyekwisha kujichomeka hutolewa kwa kibano chembamba. Hushikwa karibu kabisa na ngozi, kwenye mdomo wake na si tumboni, kisha huvutwa polepole na kwa nguvu moja, bila kumsokota. Kumpaka mafuta ya taa, kumchoma kwa kijinga au kumminya tumbo hakufai: hutapika mate yake ndani ya kidonda, na mate ndiyo yenye vimelea. Asipasuliwe kwa kucha. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji, na tarehe ikumbukwe.

Kwa mifugo, josho lililojazwa dawa ya kipimo sahihi na kuogesha kwa ratiba bado ndiyo silaha kuu. Dawa iliyochujuka humzoesha kupe sumu hadi isimdhuru tena, na anayepunguza kupe kwenye ng'ombe humpunguzia mchungaji wake kung'atwa.

Mgonjwa mwenye homa isiyoonekana katika kipimo cha malaria, au isiyokoma baada ya dozi kamili, amweleze daktari mambo manne bila kungoja kuulizwa: kama ameumwa na kupe au kukaa penye kupe katika wiki za karibuni, kama ameongezewa damu ndani ya miezi 6, kama ameondolewa bandama au ana selimundu, na kama amerejea kutoka nchi yenye ugonjwa huu. Naye mtaalamu wa maabara aombwe kukitazama kioo mara ya pili. Babesiosi ikijulikana mapema hutibika kwa vidonge.